Jina Lenye "E" Tatu

Nilipokuwa mwanafunzi, nimevuka kutoka Wete kuja kusoma Unguja, jina la kwanza la Kizungu nililolijua sawasawa kwa herufi zake zote lilikuwa Steere. Nililikuta juu ya jalada la kitabu chakavu cha sarufi ya Kiswahili, ambacho mwalimu wetu alikiweka kabatini chini ya kufuli na kutuonyesha kwa mbali, kama mtu aonyeshaye upanga wa babu yake. Kitabu hicho kilichapishwa mara ya kwanza mwaka 1870. Mwandishi wake, Askofu Edward Steere, alifariki Unguja mwaka 1882 na kuzikwa hapa hapa mjini, nyuma ya madhabahu ya kanisa la Mkunazini, lililojengwa pale palipokuwa na soko la watumwa. Mimi, mtoto wa chuoni kutoka Pemba, sikuwa na shughuli na kaburi la askofu. Lakini jina lake lilinikaa, khasa kwa zile "e" tatu ambazo sikuona kazi yake. Nikaenda kulitafuta katika kamusi ya Kiingereza. Nikakuta kitenzi kinachofanana nalo, maana yake kushika usukani, kuongoza chombo. Nilifurahi kana kwamba nimeokota pete. Mtu aliyekuja kwa bahari, akateremka bandarini petu tarehe 31 Agosti 1864, kumbe jina lake ni Nahodha! Niliwapelekea wenzangu khabari hiyo dakhalia, na kwa muhula mzima askofu tulimwita hivyo.

Ilinichukua zaidi ya miaka ishirini kujua kwamba nilikosea, na nisingejua kama si jina langu mwenyewe kunitia katika mashaka. Nilikuwa nikiishi Guildford, katika jimbo la Surrey, kusini mwa Uingereza, nikifanya kazi ya usiku. Mchana, badala ya kulala kama alivyotaka mke wangu, nilikwenda maktaba ya mji kusoma kamusi za majina ya koo za Kiingereza. Kwa nini nilizisoma nitaeleza mbele. Siku moja, nikipitisha kidole katika herufi ya S, nikamkuta rafiki yangu wa zamani, na nahodha wangu akazama pale pale.

Kiingereza cha kale kilikuwa na maneno mawili mbalimbali. Moja ni kile kitenzi cha kushika usukani. La pili ni jina la mnyama, dume la ng'ombe ambaye bado ni kijana. Na wafugaji wa Kiingereza wa leo hulitumia neno hilo kwa dume aliyehasiwa, yule tunayemwita maksai. Karne zilivyopita, matamshi ya maneno hayo mawili yalisogeleana hadi yakawa mamoja, na maandishi yake pia, hata mgeni kama mimi hana njia ya kuyatenga kwa macho wala kwa masikio. Jina la ukoo wa Steere limetoka kwa mnyama. Alikuwapo mtu, miaka mia saba au zaidi iliyopita, pengine mwenye shingo nene, pengine mbishi, pengine mvumilivu wa kuvuta jembe kutwa bila ya kunung'unika. Wenzake wakamwita Maksai, na utani huo ukawafuata wajukuu ambao hawakupata kumwona.

Na hakuja peke yake. Aliyefuatana naye siku ile ya Agosti alikuwa mkubwa wake, Askofu William George Tozer, ambaye jina lake ni la upande wa Devon, katika nchi ya kondoo, na maana yake ni mchambuaji wa sufu, mtu wa kuitengeneza sufu kabla haijasokotwa. Kwa hiyo walioteremka Unguja walikuwa Mchambua-sufu na Maksai. Hakuna mtu pwani aliyejua, na sidhani kama wao wenyewe walikuwa wakilikumbuka jambo hilo. Jina la ukoo likishakaa mahali pake, mwenyewe halisikii tena lisemavyo.

Waingereza nao, msomaji, hawakuzaliwa na majina ya ukoo. Kabla ya Wanormani kuiteka nchi yao mwaka 1066, mtu alikuwa na jina lake moja, na ikibidi kumtenga na mwenzake aliongezewa la babake, la kijiji chake, la kazi yake au la utani. Yakifa yalikufa na mwenyewe. Wakubwa wa Kinormani ndio walioanza kurithishana majina pamoja na mashamba. Watu wa kawaida wakafuata kidogo kidogo, na ilipofika karibu na mwaka 1400 familia nyingi za Kiingereza tayari zilikuwa na jina lisilobadilika. Serikali ilisaidia sana. Kodi za kichwa za miaka 1377, 1379 na 1381 zilitaka kila mtu aandikwe, na mtoza kodi hapendi watu watano wanaoitwa John katika kijiji kimoja. Mhunzi akaandikwa Smith, hata kama mwanawe hakupata kushika nyundo maishani.

Kwetu pia utani upo, tena mwingi. Kila mji wa Pemba una mzee aliyepewa jina la samaki, la chombo au la tendo moja la kipumbavu alilolifanya ujanani. Lakini utani wetu hauandikwi na karani. Mwenyewe akifa huoshwa nao na kuzikwa nao, na mtoto wake akiitwa kwa jina hilo mbele za watu hugomba.

Turudi kwenye zile "e" tatu. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry wa Nane, aliamuru kila kanisa la mtaa liweke daftari la ubatizo, ndoa na maziko. Padri au karani aliandika alivyosikia, kwani hapakuwa na sheria ya tahajia na wengi wa walioandikwa hawakujua kusoma. Shakespeare mwenyewe ametuachia sahihi sita ambazo hakuzifuatisha katika tahajia moja. Mtu mmoja akibatizwa Stere, akaoa akiwa Steer na kuzikwa akiwa Steere, hakuna aliyeona ajabu. Uandikishaji wa serikali ulipoanza, mwaka 1837, mambo yalianza kuganda: aliyekuwa na "e" mwishoni akabaki nayo, asiyekuwa nayo akabaki bila, na watoto wa ndugu wawili wakawa koo mbili katika vitabu. Herufi ile haitamkwi. Haina maana. Imewekwa na mkono wa karani aliyekwisha sahauliwa, na leo ndiyo inayomtenga Steere na Steer asiye nayo.

Jina hilo ni nadra. Uingereza ina watu zaidi ya nusu milioni waitwao Smith. Akina Steere wenye "e" ya mwisho huhesabiwa kwa mamia, na shina lao ni Surrey na Sussex, mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka pale nilipokuwa nikisoma. Nilikuwa nimehamia nyumbani kwao bila ya kujua. Kamusi kubwa ya majina ya familia za Uingereza na Ireland, iliyotolewa Oxford mwaka 2016, ina majina zaidi ya 45,000, na watungaji wake walikusudia kulieleza kila jina lililokuwa na watu mia moja au zaidi mwaka 2011. Chini ya mia, jina huwa kama mgonjwa aliyekwisha geuziwa kibla: watu husema naye kwa sauti ya chini.

Lakini unadra ni jambo la mahali. Jina hilo hilo lilisafiri, na liliposafiri lilinawiri. Katika karne ya kumi na saba mtu wa jina hilo alifika Rhode Island, Marekani, akaacha kizazi kikubwa. Na karne ile ile Richard Steere, mzaliwa wa Chertsey, Surrey, alivuka bahari akawa mmoja wa washairi wa mwanzo wa makoloni yale. (Nalitaja hili kwa furaha, kwa kuwa jarida hili ni la washairi.) Joseph Beal Steere, mtu wa Michigan, alikwenda Ufilipino katika karne ya kumi na tisa kukusanya ndege, na wako ndege wa visiwa vile ambao hata sasa majina yao ya kisayansi yamebeba jina lake. Allen Steere, daktari wa Marekani, ndiye aliyeongoza uchunguzi wa miaka ya 1970 uliotambulisha ugonjwa wa Lyme, uletwao na kupe. James George Lee Steere aliondoka Surrey akawa Spika wa Bunge la Australia Magharibi. Ndege, kupe na kiti cha spika: hayo ndiyo makao ya jina ambalo kijijini kwake lilianza kama mzaha juu ya shingo ya mtu.

Kuhusu kufa kwa majina, Waingereza wamefanya hisabati. Mwaka 1873 Francis Galton, jamaa yake Charles Darwin, alitoa suali hadharani: ikiwa tunajua katika kila kizazi ni wanaume wangapi hawapati mtoto wa kiume, wangapi hupata mmoja, wangapi wawili au zaidi, basi baada ya vizazi kadhaa ni majina mangapi yatakuwa yametoweka? Aliyejibu ni padri mmoja mjuzi wa hisabati, Henry William Watson, na mwaka 1874 wakachapisha jawabu pamoja. Watson alifikia kusema kwamba kila jina, likipewa muda wa kutosha, litakufa. Alikosea, na wenzake wa baadaye walimsahihisha: ikiwa kwa wastani kila mwanamume huacha zaidi ya mtoto mmoja wa kiume, jina lina tumaini la kuishi, ikiwa ni mmoja au pungufu, kufa kwake ni jambo la wakati tu. Na jina lililoanza na mtu mmoja lina khatari kubwa zaidi katika vizazi vya mwanzo, kwa sababu linasimama juu ya mguu mmoja. Nyumba ikipata mabinti watupu, hadithi imekwisha.

Nimeisoma hisabati hiyo mara nyingi kuliko inavyonistahiki, kwa kuwa nami nina binti mmoja na sina mwana.

Upo na utafiti wa karibu zaidi. Mwaka 2009 Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walitangaza matokeo ya kuchunguza majina arubaini ya Kiingereza kwa kutumia kromosomu Y, ambayo mtoto wa kiume huipata kwa babake tu, kama vile anavyolipata jina. Wanaume wa jina la Smith hawakuonekana kuwa jamaa zaidi ya watu wawili waliokutana njiani, maana wahunzi walikuwa wengi na kila mmoja alianzisha Smith wake. Lakini kwa majina nadra mambo yaligeuka. Kwa Attenborough, jina la kijiji kimoja cha Nottinghamshire, karibu wanaume tisa katika kila kumi walikuwa na alama moja: mzazi mmoja, kijiji kimoja, jina moja. Kwa mujibu wa utafiti huo, jina likiwa nadra huwa linasema kweli juu ya damu. Likienea husema kweli juu ya kazi tu.

Sasa jina langu. Msomaji wa visiwani hahitaji kufundishwa desturi yetu, lakini nitaisema ili nieleze ilivyoharibika mikononi mwangu. Kwetu mtu ana jina lake, la babake na la babu yake; akipata mtoto, mtoto huingia mbele na babu wa mwisho hudondoka nyuma. Ni kama watu watatu waliokaa juu ya gogo: akikaa mmoja upande huu, mmoja huanguka upande wa pili. Aliyeanguka hasahauliki, kwa kuwa siku moja kitukuu atazaliwa na kupewa jina lake, naye atarudi kuketi mwanzoni mwa gogo. Nisemapo hivi sisahau wenzetu wenye nisba za koo na makabila, zinazosimama imara kizazi baada ya kizazi. Sisi wa mashamba ya Wete hatukuwa nazo, au kama tulikuwa nazo hatukuzitumia.

Babu yangu, mchumaji wa karafuu, aliitwa Faki. Pemba hulikosi jina hilo. Ita msikitini baada ya sala ya Ijumaa na watageuka watu kadhaa. Wazee husema limetoka kwa faqihi, mjuzi wa sheria ya dini, na herufi ya mwisho imeanguka njiani kwa kutamkwa na midomo yetu. Waingereza waliongeza herufi moja kwa Steere. Sisi tuliangusha moja kwa Faki. Babu hakuwa faqihi wa chochote isipokuwa mikarafuu. Alijua mti gani utachanua mapema na mti gani haufai kupandwa na mtoto.

Nilipokata pasi ya kusafiria, jina langu la tatu lilikuwa lake. Nilipofika Uingereza, karani alitazama neno la mwisho na kuliita jina la ukoo. Sikubisha, sikujua kwamba kuna jambo la kubishia. Binti yangu alipozaliwa akaandikwa Faki, na hivyo babu yangu, ambaye kwa desturi alikuwa adondoke kwenye gogo, akagandishwa. Huku Wete, ndugu yangu wa tumbo moja alizaa wana sita, na kila mmoja huandikwa kwa jina lake, la babake na la babetu. Faki hayumo tena katika vyeti vyao. Jina lililojaa Pemba kama karafuu limetoka katika nyumba yetu ya Pemba, na mahali pekee linapohesabiwa kuwa jina la ukoo wetu ni mji mmoja wa Surrey, ambako katika kitabu cha simu tulikuwa peke yetu. Sisi ndio tuliokuwa jina nadra, wala si Steere.

Lingekuwa jambo la kuchekesha tu, kama Faki katika sikio la Kiingereza halingekuwa na mlio wa tusi, tena tusi lile baya kuliko yote. Mimi kazini nilizoea. Watu wazima walitabasamu, wakaniuliza linaandikwaje, basi. Watoto wa skuli hawatabasamu. Binti yangu alipotimia miaka kumi na mbili alinijia, akanikalia mbele, akaniomba kwa adabu zote tubadilishe jina. Sheria ya kule inaruhusu. Mtu hutia sahihi hati mbele ya shahidi na huondoka na jina jipya. Nikampa hotuba. Nikamweleza babu, mikarafuu, faqihi na elimu ya fiqhi, utukufu wa asili. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimefahamu, Baba," na hakulitaja tena. Baada ya miezi niliona madaftari yake mezani. Yote yalikuwa na jina lake la kwanza na baada yake herufi moja tu, F, na nukta.

Hapo ndipo nilipoanza kwenda maktaba mchana. Nilitaka kujua Waingereza wenyewe wanafanyaje na majina yanayowatia haya, na nilikuta kwamba hufanya kile kile alichokitaka mwanangu. Mwaka 1862 bwana mmoja aliyeitwa Joshua Bug, jina ambalo kwa Kiingereza ni mdudu na khasa kunguni, alitangaza katika gazeti la The Times kwamba kuanzia siku hiyo ataitwa Norfolk Howard, majina mawili ya kikabaila. London nzima ilicheka, na kwa miaka mingi baadaye watu wa mitaani waliwaita kunguni kwa jina hilo jipya. Baada ya miaka mingi nilisoma hesabu za Profesa Richard Webber: watu wa jina la Death, yaani Mauti, walikuwa 1,133 mwaka 1881, na mwaka 2008 walibaki 605, ilhali nchi yenyewe ilikuwa imeongezeka watu sana. Hao waliopungua si kwamba wote walikosa wana. Galton hakuiweka haya katika hesabu yake. Mtoto mmoja akirudi nyumbani analia huweza kuvunja kamba iliyoshikwa na wanaume ishirini kwa karne saba.

Sikumwambia binti yangu niliyoyasoma. Nilipaswa kumwambia, na kumwomba radhi kwa ile hotuba. Badala yake nilimnunulia madaftari mapya.

Miaka imepita. Mimi na mama yake tumerudi Unguja. Yeye amebaki kule, ameolewa na kijana mwema ambaye jina la ukoo wake ni miongoni mwa yale yaliyojaa Uingereza kama mchanga. Mwaka huu alijifungua mtoto wa kiume. Kule wazazi hupewa siku 42 za kumwandikisha mtoto, na mtoto huweza kupewa jina la ukoo la baba, la mama, au jina jengine lolote watakalo. Mke wangu alipolisikia hilo alisema wamekaribia arubaini yetu, wamezidisha siku mbili za ofisi kufunga. Binti yangu alinipigia simu katika wiki ya kwanza.

"Shikamoo, Baba. Umeshasikia kwamba lolote linawezekana?"

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia."

"Mume wangu anasema yeye hana neno. Akiwa Faki, sawa. Akiwa kama yeye, sawa. Wewe unasemaje?"

Nilimwambia nitafikiri. Kwa dini yetu na desturi yetu mtoto hunasibishwa na babake, na hapo hapana la kufikiri. Walakini nilijua pia kwamba nikilisema hilo, jina la mchumaji wa karafuu linakwisha kule, na ya Watson yametimia ndani ya vizazi viwili. Kisha, nitasema ukweli, nilikuwa na sababu ya tatu iliyozishinda mbili hizo: sikutaka mtoto mwengine aandike F na nukta.

Nilifikiri kwa wiki tatu. Nilipita Mkunazini mara kadhaa katika siku hizo, kwa kuwa ndiyo njia yangu ya kwenda sokoni, na mara moja nikaingia hadi kanisani pamoja na watalii. Nilisimama kimya. Mtu aliyezikwa pale alikuja akaandika Kiswahili chetu, akachapisha hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, na katika mji huu jina lake lilikuwa la mtu mmoja tu, kama letu kule. Wazee wetu walilitamka walivyoweza. Sijui kama kuna aliyemcheka.

Siku ya thelathini na nne nilipiga mimi. Nikaanza kusema kwamba mtoto ni wa babake, aandikwe jina la babake, nami nina radhi zote, wala asidhani kwamba nitasononeka.

"Tumeshamwandikisha, Baba. Jana. Ukoo ni wa babake, kama usemavyo."

"Alhamdulillahi," nikasema, na koo likanikauka.

"Jina lake mwenyewe ndilo Faki."

Nilinyamaza kwa muda mrefu, hata akauliza kama simu imekatika. Nikamwambia, "Mwanangu, umesahau walivyokuwa wakikufanyia?"

"Sikusahau."

Nikajaribu hila ya mwisho. Nikamwambia kwamba bado linaweza kusahihishwa, liandikwe Faqih, kwa "q" na kwa "h" mwishoni, kama lilivyo asili yake. Ni jina la heshima, Waarabu wanalo, na Mwingereza akiliona halimpeleki huko. Nilikuwa nimeliandika kwenye karatasi mbele yangu, kwa herufi za Kilatini na za Kiarabu, na nilikuwa tayari kumsomea.

"Huyo atakuwa mtu mwengine, Baba. Babu alikuwa Faki."

Akaniambia kwamba karani wa kuandikisha alikuwa mama mtu mzima, mpole, mwenye miwani ya kamba. Aliliandika jina polepole kwa kufuata herufi alizotajiwa, kisha akainua kalamu na kumwuliza kama kuna "e" mwishoni. Akamjibu kwamba hakuna.